Kompyuta Iliyopulizwa Salfa

Kompyuta yangu imewahi kupulizwa salfa kama mkorosho. Ilipulizwa mchana, uani kwangu Ruangwa mjini, na aliyeipuliza ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akiwa amejifunga kitambaa puani na kuvaa viatu vya shamba. Mimi ndiye niliyeishikilia isianguke. Tulipomaliza, sanduku lake lilikuwa la manjano, nyusi zangu zilikuwa za manjano, na kuku waliokuwa wakichakura pale karibu walikuwa wamehamia kwa jirani.

Nikisimulia habari hii watu hucheka, kisha huniuliza kama siku ile nilikuwa na akili zangu. Nilikuwa nazo. Kila hatua tuliyoichukua ilitokana na ile iliyotangulia, na kila moja ilikuwa na maana yake wakati ule. Ndiyo maana naona heri nianzie mbali kidogo.

Nina chumba kimoja cha biashara. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, na wakati wa harusi nachukua video. Huku kwetu harusi zinafuata mazao. Ufuta ukishauzwa watu wanaoa, korosho zikishauzwa wanaoa tena. Harusi ninayoizungumzia ilikuwa ya ufuta. Bibi harusi alikuwa wa Mandawa, upande wetu wa Ruangwa, na bwana harusi wa Marambo, upande wa Nachingwea. Nilifika Mandawa asubuhi na kamera, nikachukua maandalizi, nikachukua ndoa ikifungwa, kisha nikapanda gari la msafara kumpeleka bibi harusi kwa mumewe.

Mama yake hakupanda. Kwa desturi yao mama mzazi hamsindikizi binti kwa mume. Wanaokwenda ni mashangazi, mama wadogo na somo yake, yule mwanamke aliyemfunda. Mama anabaki kwake na wageni waliobaki na masufuria ya kuoshwa. Picha ya mwisho niliyompiga siku ile amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango, anapunga kwa mkono mwingine. Anapunga kuelekea upande ambao gari halikuwepo. Nilidhani jua linamwumiza.

Baada ya harusi binti yake alikuja dukani kuulizia video, na ndipo aliponieleza. Mama yake ana presha ya macho. Hospitali wamemwambia kwamba kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa kinapungua. Pembeni haoni kabisa. Anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba.

“Kila nikimpigia ananiuliza kama mama mkwe alinitandikia khanga nipite,” alisema. “Namwambia alitandika. Anasema, nataka nione mwenyewe.”

Nikamwambia video ingekuwa tayari haraka. Akageuka kuondoka, kisha akarudi. “Usiikatekate, dada. Mama anataka atoke na mimi pale mlangoni kwake mpaka nifike.”

Nikamwelewa. Wateja wengi wanataka nyimbo na maua yanayozunguka kwenye kioo. Huyu mama alitaka njia, kutoka Mandawa hadi Marambo, njia ambayo desturi ilikuwa haimruhusu kuipita.

Kupanga picha hakukunisumbua. Taabu ilianza kwenye kazi ya mwisho, pale mashine inapochukua vipande vyote vya picha na sauti na kuvifunga kuwa filamu moja. Hiyo ni kazi nzito kwa kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, na yangu ilikuwa imetumika sana. Niliianzisha, nikaenda kumtolea mtu kopi. Nilipogeuka kioo kilikuwa cheusi na feni imenyamaza. Haikutoa onyo wala mlio. Saluni ya jirani ilikuwa inaendelea na muziki wake, kwa hiyo umeme ulikuwepo.

Niliwahi kupeleka habari kwenye redio moja ya jamii, na tabia niliyobaki nayo ni ya kuuliza maswali kwa mpangilio: nini, wapi, wakati gani, nani alikuwepo. Nikaiwasha tena, nikaanza kazi upya, safari hii nimekaa mbele yake. Picha zilipita moja baada ya nyingine kwenye kidirisha kidogo: maandalizi, ndoa, mama mlangoni, barabara. Gari zilipoanza kuingia Marambo, ikazima. Nikarudia. Ikazima pale pale, gari zikiingia Marambo.

Nikabadilisha ekstensheni. Nikabadilisha waya. Nikaomba kwa dada wa saluni nichomeke kwake, tukaburuta meza mpaka mlangoni, wateja wake wenye rola kichwani wakatazama harusi bure. Gari zikaingia Marambo, giza. Nikakivua kitambaa cha kufuma nilichopewa na mama mkwe wangu, ambacho kilikuwa kimelifunika lile sanduku kama kofia. Nikasukuma meza mbali na ukuta. Hakuna kilichobadilika.

Dada wa saluni alikuwa na maelezo yake. Alisema kuna mtu katika msafara ule ambaye hataki kuonekana. Siamini mambo hayo, lakini naandika kilichotokea: siku hiyo nilikaa nikaitazama sehemu ile ya Marambo polepole, picha kwa picha. Kulikuwa na gari, vumbi, watoto wakikimbia pembeni, mbuzi mmoja akivuka, na mwanamume anayefunga kamba ya kiatu. Nilimtazama sana yule wa kiatu. Alikuwa anafunga kamba tu.

Shemeji yangu alipita jioni akaniona nimekaa hivyo. Nikamweleza. Yeye ni mkulima, ana mikorosho yake, na ni mtu asiyeweza kuiacha habari bila kuitia chumvi. Akalizunguka sanduku mara moja, akasema, “Shemeji, hii kompyuta ina adabu. Mama mzazi hafiki kwa mkwewe, na yenyewe inaishia njiani.”

Nilicheka. Alipoondoka niligundua kwamba maelezo yake yalikuwa yanalingana na ushahidi kuliko yangu yote.

Kilichonifikisha kwenye salfa ni kusoma. Nilisoma kwenye simu kwamba kompyuta ikipata joto kupita kiasi hujizima yenyewe isiungue, na kwamba kinachoileta hali hiyo mara nyingi ni vumbi. Nikafungua ubavu wa sanduku. Ndani mlikuwa na vumbi letu jekundu, limejibana kwenye feni na kwenye vile vyuma vyembamba vya kupozea kama sufi iliyoshindiliwa kwenye mto. Nikajaribu brashi ya kupakia rangi, haikuingia. Nikapuliza kwa mdomo, nikakohoa. Nikamwambia shemeji, aliyekuwa amekuja kunywa chai, kwamba mafundi wa mjini wana kifaa cha kupuliza upepo kwa nguvu.

Aliweka kikombe chini taratibu. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye dawa anayo nyumbani.

Ule ulikuwa wakati wa kupuliza mikorosho. Maua yanapotoka yanashambuliwa na ugonjwa wa ubwiri unga, na dawa yake ni salfa ya unga, inayorushwa kwa mashine yenye injini inayobebwa mgongoni na kutoa upepo kwenye bomba refu. Mashine ya shemeji ilikuwa uani kwangu, imerudi kutoka shamba. Nilimwuliza kama ni safi. Akasema tangi amelimwaga na bomba amelikung'uta. Nikachungulia kwenye tangi, na kweli lilikuwa tupu. Kwenye bomba sikuchungulia.

Akavuta kamba, injini ikaitika. Upepo wa kwanza ulitoa vumbi jekundu kwa wingi hata tukapigiana kelele za furaha. Akaongeza moto. Ndipo kile kilichokuwa kimeganda kwenye mikunjo ya bomba kikaachia, kikatoka chote kwa pamoja, na chote kikaingia ndani ya kompyuta.

Alizima injini. Tukasimama. Akavua kitambaa puani, akaitazama kazi yake, akasema kwa upole, “Basi. Angalau ubwiri unga hauipati tena.”

Tulisafisha kwa brashi, kitambaa na uvumilivu. Ilipowaka ilitoa harufu ya kiberiti kilichowashwa, na wateja wakawa wanauliza nani anachoma nini. Nikaanzisha kazi. Haikufika Marambo. Ilizima Mandawa, shehe akiwa bado anamwuliza bwana harusi.

Hapo nilipata kitu nilichodhani ni mwanga. Kama mahali pa kuzimia pamehama, basi tatizo halikuwa mahali. Tatizo lilikuwa muda. Nilikuwa kila mara naanza mwanzo wa filamu, mashine inapata joto kwa mwendo ule ule, na inachoka kwenye picha ile ile. Ilitokea tu kwamba picha hiyo ilikuwa ya Marambo. Sasa imechafuka zaidi, inachoka mapema, inaishia kwa shehe. Nilimweleza dada wa saluni kwa fahari. Nikampigia shemeji nikamwambia adabu haimo.

Kisha, ili kuthibitisha, nikaiacha ipoe mpaka kesho yake na kuianzishia Marambo moja kwa moja. Kwa hesabu yangu ilipaswa kupita. Ilizima karibu papo hapo, gari ya kwanza ikiwa bado haijaingia yote. Nikaipumzisha tena, nikaanzisha sehemu ile ile, ikapita mpaka mwisho kama vile haijawahi kuwa na shida. Nikairudia kwa furaha. Ikazima. Nilikuwa na matukio, na yalikuwa yanapingana yenyewe kwa yenyewe, na sikujua lipi nilitupe.

Tukaipeleka Nachingwea, kwa fundi niliyeelekezwa. Shemeji aliendesha pikipiki, mimi nyuma nimeipakata kompyuta iliyoviringishwa kitenge, na njia nzima nilikuwa nawaza vumbi linaloingia. Fundi alikuwa mtu wa makamo mwenye tochi kichwani. Alifungua ubavu, akapitisha kidole, akakinusa.

“Dada, humu mmetia binzari?”

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, kisha akamwita fundi simu wa kibanda cha pili, akaniomba nieleze tena tangu mwanzo.

Kazi aliifanya vizuri, kwa kadiri nilivyoona. Aling'oa feni kubwa, akanionyesha dawa ya kupitishia joto iliyokuwa chini yake, imekauka kama ukoko, akaikwangua na kupaka mpya. Akafuta viungio kwa spiriti, akasema salfa inakula shaba, sijui kwa haraka gani. Akatoa kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya mashine akaweka kingine, kutoka kwenye kompyuta iliyokufa kwa sababu nyingine. Kisha akaiwasha, akaipa miziki na filamu, na sisi tukakaa kwenye benchi lake mchana kutwa tukiisubiri izime. Nilijikuta naiombea izime, kwa sababu ikizima mbele ya fundi angalau ningekuwa na shahidi. Haikuzima.

“Kwangu mimi ni nzima,” alisema.

Nikamwuliza ilikuwa na nini. Akafikiri. “Nimebadilisha mambo matatu kwa pamoja, dada. Hata ikipona, sitajua kilichoiponya.” Ni jibu la kweli kuliko yote niliyopata katika habari hii, na halikunisaidia kitu.

Nyumbani Ruangwa niliifungulia filamu ya harusi. Ilipita kwa shehe, ikampita mama mlangoni, ikaingia Marambo na gari zote. Nilisimama. Ikafika pale mama mkwe anapojitokeza na khanga mikononi, bado hajazitandika, ikazima.

Nilimpigia fundi, akasema niirudishe. Kabla sijajua la kufanya, simu ikaita, na alikuwa bibi harusi. Alisema Ijumaa anakwenda Mandawa kwa mama yake. Kisha akasema sasa mtu akisimama mbele ya mama, mama anamwuliza jina. Hakuniuliza video imefikia wapi. Ingekuwa rahisi zaidi kama angeuliza.

Basi nikaacha kutafuta sababu. Niliigawa filamu katika vipande vifupi, vifupi kiasi ambacho mashine ilikuwa haijawahi kushindwa, nikavifunga kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja nikaizima mwenyewe ikapumzika, kama watu wanaotwanga kwa kupokezana mchi. Ubavu wa sanduku niliuacha wazi, feni ya mezani ikiutazama. Vipande vyote vilipita. Kuviunga vikawa filamu moja ni kazi nyepesi, ni kama kufunga ncha za kamba, nayo ikapita. Niliiangalia yote tangu Mandawa hadi Marambo. Nilimwona mama anapunga upande usio na gari. Niliona khanga zikitandikwa. Niliihamishia kwenye simu, nikafunga duka.

Ijumaa nilifuatana na bibi harusi mpaka Mandawa, tukamkuta mama yake amekaa ndani kwenye mkeka, amejitanda vizuri kama mtu anayesubiri wageni wa heshima. Jirani alikuwa ametuazima televisheni, kubwa kuliko ya dukani kwangu, na ndugu walikuwa wameshajaa. Tukaiunganisha na simu yangu, tukaiwasha. Mama akasogea, akasogea tena, akageuza kichwa huku na huku. Binti yake akamwuliza kwa Kimwera anaona nini. Akajibu. Binti akaniambia, “Anaona kiatu cha mtu.”

Televisheni ilikuwa kubwa kuliko nafasi aliyobakiwa nayo. Nilikuwa sijawaza hilo hata kidogo. Binti ndiye aliyechukua simu, akamwekea mama mikononi. Mama akaisogeza mbali, akairudisha, akaiinua kidogo, mpaka mahali fulani mikono yake ikatulia. Picha nzima ilikuwa imeingia.

Akatazama. Alipojiona mlangoni alicheka, akasema kitu kuhusu kizee kile kinachopungia minazi. Mimi nilikuwa nyuma ya bega lake, na nilipoona barabara inakwisha sikuweza kuendelea kutazama simu. Nilitazama vidole vyake. Kisha nikasikia vigelegele vya Marambo vikitoka kwenye ile spika ndogo, na mama akasema kwa Kiswahili ili mimi pia nisikie, “Katandika. Tena mpya.”

Alitazama mpaka mwisho, mpaka kwenye picha nyeusi ya kumalizia. Akaiweka simu mapajani. Akanigeukia, akinitafuta kidogo kabla ya kunipata, akasema polepole, kama mtu anayemchagulia mgeni maneno, “Ahsante, mwanangu. Nimefika. Lakini pale gari zinapoingia palikuwa na giza kidogo. Ni mashine yako au ni macho yangu?”

Binti yake akanitazama.

Nikasema, “Ni mashine, mama. Ina tabia hiyo, pale pale.”

“Haya,” alisema, na mabega yake yakashuka. Akaomba chai iletwe.

Niliporudi Ruangwa niliifungua filamu ile, nikaenda moja kwa moja kwenye gari zinapoingia Marambo. Ni kweli vipande viwili vinaungana hapo, nilipaunga mwenyewe. Mara ya kwanza niliona kama kuna kufumba na kufumbua kwa weusi. Nilipoirudia sikuuona. Nikamwita dada wa saluni, akatazama akasema hakuna kitu. Nikamwita shemeji, akasema kipo, kisha akaomba arudishiwe, kisha akasema hana hakika, labda ni vumbi la gari. Kompyuta nayo bado inazima inapotaka, na fundi wa Nachingwea bado anasema niirudishe.

Juzi binti amenipigia. Anasema mama anataka kuitazama tena wakati bado anaweza, na anauliza kama lile giza nimeshalitoa.